Mizani ya Jumapili

Kazi yangu ni mizani, mwaka wa ishirini na sita,
pale Kilindini, kijumba cha bati na feni moja:
lori hupanda, namba hutulia, nagonga muhuri.
Likizidi, lirudi likapunguze.
Sijapata kulionea lori huruma.

Chengo aliletwa mwaka jana, kijana wa Kaloleni,
umri wake mdogo kuliko kiti ninachokalia.
Akaitazama miguu yangu chini ya meza, imevimba,
akasema, "Bi Mwanaesha, kuna mashindano mwezi wa nane.
Kuogelea, baiskeli, kisha mbio. Asubuhi moja."
Nikamwuliza, "Na maiti huzikwa wapi?"
Alicheka hadi dereva wa saruji akatupigia honi.

Akanifundisha gia. Nami nikamfundisha maji,
maana kwao bahari ni kitu cha kuonwa dirishani mwa basi,
nami ni mtoto wa Tudor,
niliogelea na leso kifuani kabla sijajua kuandika.
Jioni kwa jioni, kiganja changu chini ya mgongo wake:
"Legeza shingo. Maji hayakudai kitu."

Jumapili, Nyali, maji yamejaa.
Tukaandikwa namba mikononi kwa wino mweusi,
yeye mia na kumi na nane, mimi nyuma yake.
Filimbi.
Hatukufika mbali nikasikia pumzi imekatika.
Sikugeuka kuuliza ni ya nani.
Akanidaka kifundo cha mguu, akanizamisha,
nikanywa bahari ya kutosha futari.
Watu wakatupita. Wakatupita.
Nikamlaza chali, nikamwambia, "Hesabu malori."
"La saruji," akasema. "La ngano. La vyuma. La... la chumvi."
Kwenye la tisa aliniachia.
Tukatoka majini wa mwisho, mchanga ukituchoma nyayo,
na hakuna aliyesema asante wala pole.

Baiskeli niliazima kwa muuza mikate wa Majengo;
kapu limetolewa, harufu ya mofa imekataa kushuka.
Daraja la Nyali ni tambarare
kwa aliyemo garini.
Mwinuko ulipoanza Chengo akanipita
bila kugeuza uso.
Ndiyo, nilimwapisha mwenyewe:
"Ukinisubiri nitakuandikia barua ya onyo."
Lakini moyo haukuwa umesoma barua.
Niliutazama mgongo wake ukipungua, ukipungua, ukawa nukta,
na kitu kikanikaa kooni,
sijui wivu, sijui fahari,
nikakimeza pamoja na ile chumvi.

Mama Ngina, jua limekwisha kukasirika.
Magoti yakaanza kunena, kila moja na lugha yake.
Mkaanga mihogo akaniita,
"Mama, mbio za nini? Nani kafa?"
Nilitembea. Nasema kweli, nilitembea
kutoka kwa yule wa mihogo hadi karibu na Laithausi,
kisha nikakimbia kidogo kwa haya,
watoto walikuwa wakitazama.
Nikajiona nimepanda mizani yangu mwenyewe:
miaka hamsini na mbili, watoto wanne,
kisukari kinachobisha hodi,
mume aliyekwenda Muskat akasahau kurudi.
Nimezidi. Bila shaka nimezidi.
Nikagonga muhuri, nikalipitisha.

Chengo alikuwa ameketi ukingoni na madafu mawili.
Lake tupu. Langu nusu.
"Ulichelewa," akasema,
akaangalia chini, akaanza kulia kama mtoto wa chekechea,
nami nikanywa nusu yangu, polepole, hadi akamaliza.

Jumatatu wino haujatoka.
Nimeusugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa dodoki.
Chengo kavaa shati la mikono mirefu, joto lote lile.
Dereva akanyosha shingo dirishani:
"Mama, hiyo namba mkononi ni ya nini?"
Chengo akazidi kuitazama kompyuta.
"Uzito," nikamjibu.
"Panda mizani, baba. Foleni imefika barabarani."